Mtumbwi Wenye Herufi De

Mtu akikwambia mitumbwi haina undugu, jua huyo hajawahi kulala kijijini kwetu Peshma hata siku moja. Sisi hapa ndugu tunawajua kwa herufi.

Roketi ikirushwa kule kwenye kiwanja cha kurushia inaondoka na watoto wanne ubavuni, matangi ya alumini yenye moto wa kuisukuma. Katikati yuko mama yao, na yeye ameandikwa A. Watoto wameandikwa Be, Ve, Ge na De, kwa kufuata alfabeti yetu ya Kirusi, kila mmoja na herufi yake nyeusi, kubwa kama sinia, kwa rangi ya kiwandani ambayo hata ukiisugua kwa mchanga haitoki. Moto ukiwaishia watoto wale, mama anawaachia. Wanaangukia kwenye vinamasi nyuma ya kijiji chetu, na mama anaendelea juu, wala hageuki. Nilipokuwa msichana nilimuuliza bibi yangu kwa nini hageuki. Akasema, "Angegeuka angefika?" Jibu lile sikulipenda, na hadi leo silipendi.

Kinamasi kikiganda, wanaume wanakwenda na pikipiki za theluji, wanaikata ile alumini na kuileta kijijini. Kipande kimoja, mtumbwi mmoja. Ni mwepesi, hauozi, na hauhitaji rangi maisha yake yote. Fundi anapima bati ili herufi iangukie kwenye omo, mbele kabisa, na herufi hiyo haifutwi, maana ndiyo uso wa mtumbwi. Wale wanne walioanguka pamoja ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akipotea na mtu wake, wenzake watatu wanaachiwa mtoni siku moja, maji yakianza kupwa, bila mtu ndani, nasi tunawafuata kwa mbali. Watakapokusanyika ndipo unapotafuta. Kabla ya kuwaachia, herufi zao zinakwanguliwa uchafu mpaka zing'ae, kila mmoja aende na uso wake. Wasomi wanasema huo ni mkondo tu, kwamba vyombo vya umbo moja na uzito mmoja vitachukuliwa njia moja. Haya, uwe mkondo. Mimi sikuwa na haja ya kubishana na mtu. Nilikuwa namtaka mwanangu.

Mwanangu aliitwa Savati. Mimi ni Glafira, na mume wangu ni Zosima, fundi wa mitumbwi, mtu ambaye ukitaka neno lake inabidi ulichimbe kwa sururu.

Msimu wa baridi wa mwaka aliopotea, ndugu wanne waliangukia karibu karibu, jambo ambalo si la kawaida. Zosima akawatengeneza wote. Be akampa dada yake, wifi yangu Kapitolina, mjane mwenye ulimi kama wembe. Ve akamuuzia jirani yetu Yevlampy, ambaye hata akilewa kasia halimtoki mkononi. Ge na De zikabaki nyumbani kwetu, moja ya baba na moja ya mwana.

"Huu wa Ge umeumia," Zosima alisema mezani siku moja, akituangalia mimi na Savati. "Uliangukia pua kwenye jiwe. Nimeunyoosha kwa nyundo, lakini bati likishapinda halisahau. Huo nitapanda mimi. De ni mzima, ni wa kijana."

"Kwa nini usiutupe tu?" nikamuuliza.

"Nitupe bati? Mama Savati, nimekula chumvi nyingi. Utanitosha."

Savati akacheka na mkate mdomoni. "Baba, ukizama nani atanifundisha kupiga ribiti, hizi pini za kushika bati? Bado napinda ribiti zako."

"Sizami. Mimi nimeshakauka kama samaki aliyeanikwa kambani. Nitaelea."

Tukacheka. Mungu wangu, tulicheka mezani pale.

Kabla mitumbwi haijakamilika Zosima alipelekwa hospitali ya wilaya kupasuliwa jicho. Aliporudi, jicho moja likiwa limefungwa kitambaa, Savati alikuwa amemaliza kila kitu: mbao za sakafu, lami ndani, makasia. Mitumbwi miwili imelala ukingoni, Ge na De, imefanana kama mapacha. Zosima akapapasa papasa akasema, "Mikono yako inaanza kukua." Kwa Zosima hiyo ni hotuba nzima.

Majira yale ya joto walivua wote wawili. Mwisho wa Septemba Savati akasema anateremka mdomoni mwa mto kutoa nyavu kabla barafu haijaja. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alivaa sweta langu la kijivu kwa sababu lake lilikuwa limeloa, akanibusu kichwani, akasema, "Usinipikie uji, mama, nipikie mikate ya samaki." Adhuhuri upepo ukageuka. Nilipika mikate ya samaki. Mtu hakurudi, na mtumbwi haukurudi.

Tulimtafuta mpaka mto ulipofunga. Tuliulizia mtumbwi wenye De kila kijiji, juu na chini. Hakuna aliyeuona.

Sasa fikiria maneno ya watu. Mtumbwi mzima umezama na kijana, mtumbwi mgonjwa uko ukingoni na mzee anaupanda kila siku. Wanawake dukani hawakujificha. "Baba amekula bahati ya mwana," walisema, na mkate wangu wananipimia huku wanasema. Zosima aliyasikia yote na hakumjibu mtu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wa Zosima niliungoja miaka saba.

Mezani kwangu sahani ya Savati ilikaa mahali pake. Kwetu marehemu anawekewa glasi ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi. Sikuweka glasi. Kapitolina kila akija alianza hapo hapo.

"Wifi, iondoe hiyo sahani. Weka glasi na mkate kama watu wengine. Unamtesa mtoto, haendi mbele wala harudi nyuma."

"Kwani umeiona maiti yake?"

"Sijaiona."

"Basi kunywa chai yako."

Lakini ukweli alikuwa anausema yeye. Sikuwa na kaburi la kwenda kulilia, wala sikuwa na mtu wa kumfungulia mlango. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa mwana asiyekuwa hai wala maiti haujui hata mzazi mwenyewe. Unaupikia tu kila siku.

Halafu De ikaanza kuonekana.

Aliyeiona kwanza ni Yevlampy, barafu ilipovunjika mwaka uliofuata, asubuhi ya ukungu mzito. Alikuja mlangoni kwangu mweupe kama unga, na kwa mara ya kwanza hakunuka pombe.

"Shemeji, nimeiona De."

"De ipi? Mito imejaa De."

"De ya Savati! Kwani sizijui mbavu za ndugu wa mtumbwi wangu? Imetoka ukunguni, haina injini, haina kelele. Ndani kuna mtu kakaa, kofia ya koti imefunika mpaka hapa. Hana uso, shemeji! Nimesema 'Bwana uturehemu', nikapiga makasia mpaka nikapanda ukingo na mtumbwi wangu. Kayaulize matope ya uani kwangu!"

Tukamcheka. Mwaka wa pili wakaiona wavuvi wawili wa kijiji cha jirani. Siku zote ilikuwa wakati ule ule, barafu ikivunjika, ukungu ukishuka. Watoto wakakatazwa kwenda mtoni alfajiri. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwaka wa tatu niliisikia mwenyewe. Nilikuwa nakamua ng'ombe. Mto ulikuwa umefunikwa, huoni hata gati, na katikati ya ule weupe sauti ikaita jina la mwanangu. Iliita taratibu, ikilivuta, "Savaaati," kisha ikanyamaza kama inangoja ajibu. Ndoo ikanitoka. Nikakimbia ukingoni nikasimama na maziwa miguuni, nikapaza sauti, "Nani? Nani hapo?" Hakuna aliyejibu. Nilirudi ndani nikajifunika blanketi, na Zosima alipoingia baadaye na buti zilizoloa, nilimwambia mto unanidhihaki. Akasema, "Ulale," akatoka tena.

Huyo naye alikuwa na kichaa chake. Kila barafu ikiisha kuondoka, Zosima aliuingiza Ge bandani, akafunga mlango, akaupaka rangi. Mtumbwi wa alumini! Hakuna mtu Peshma anayepaka rangi mtumbwi wa roketi. Anaupaka kijivu, halafu juu yake anaichora Ge upya kwa rangi nyeusi ya madirisha.

"Zosima anaupodoa bibi harusi wake," Yevlampy alikuwa akisema.

"Paka na mdomo wangu basi, bado rangi imebaki," mimi nikamwambia siku moja. Hakucheka.

Nilimwambia mara ngapi tuwaachie ndugu? Kila mwaka. Kapitolina yuko tayari na Be yake, Yevlampy yuko tayari na Ve yake, na mwenye mtoto ndiye anayekataa. Jibu lake lilikuwa moja: "Ge haiendi." Basi nikajua nimeolewa na mwoga. Nilidhani hataki mtoto aonekane, kwa sababu asipoonekana anaweza kuwa yuko mjini Arkhangelsk, kaoa, katusahau, ana kitambi. Nami ningeweza kuota hivyo, lakini lile sweta la kijivu halikuniacha. Nilitaka kumzika. Nilitaka kumzika kabla sijazikwa mimi, na nilimwambia hivyo Zosima usoni, na neno mwoga nililisema nalo.

Kuna jambo lingine la miaka ile nililolipita kama mtu anavyopita jiwe njiani. Vuli moja alisimama kwetu mwindaji wa bata, mgeni, nikampa chai. Zosima alikuwa msituni kutafuta mbao. Yule mwindaji akasema kwamba ndani kabisa ya Kijito Kipofu, kule chini karibu na mdomo wa mto, kuna mtumbwi wa roketi umelala kifudifudi kwenye matete.

Chai ikanimwagikia. "Una herufi gani?"

"Ge," akasema. "Rangi imebanduka banduka, lakini ni Ge."

Moyo ukarudi mahali pake. "Si wetu. Wetu ni De. Ge yetu ile pale, unaiona?" Nikamwonyesha dirishani mtumbwi wa Zosima ukingoni. Akatazama, akaniomba radhi kwa kunishtua. Kila roketi inazaa Ge moja, na roketi tumeangushiwa maisha yetu yote. Nikamwongeza jemu ya beri, akaenda zake, nami sikuona sababu ya kumwambia Zosima.

Sasa njoo vuli ya mwaka wa saba. Kapitolina magoti yamemshinda, binti yake anamchukua mjini, na mtumbwi wa Be ameutafutia mnunuzi wa mto mwingine. Alikuja kuniambia akiwa ameshajifunga kitambaa cha safari, na safari yenyewe bado wiki.

"Wifi, Be ikiondoka, hakuna tena ndugu wa kuwaachia," akasema. "Ni sasa, au umle huyo kaka yangu mbichi."

"Nitamla."

Tulitoka wote wawili mchana kweupe. Yevlampy tulimkuta ukingoni, ameshaikwangua Ve yake inang'aa, maana Kapitolina alikuwa amepita kwake kwanza. Zosima alikuwa amekaa kwenye Ge yake iliyofudikizwa, anatengeneza kasia. Alipotuona tunakuja na kikwanguo alielewa. Akainuka, akasimama mbele ya omo.

"Dada, nenda nyumbani," akamwambia Kapitolina.

"Nyumbani nauza. Sogea."

"Ge haiendi."

"Ala! Mtoto alikuwa wa nani?" Kapitolina akapandisha sauti. "Alikuwa wa Yevlampy? Kijiji kizima kinasema ulikula bahati yake, na mimi dada yako nimegombana nao mpaka sina rafiki. Leo naanza kuwaamini. Bati hili ni bora kuliko mwanao?"

"Kaka, ni asubuhi moja tu," Yevlampy akasema kwa upole. "Tunawaachia, tunawafuata, tunawarudisha. Ge ikipotea nakupa Ve yangu. Naapa, niko mkavu kabisa."

Zosima hakumtazama. Alinitazama mimi. Kwa hasira nikamwambia mbele ya watu, na leo nayasikia bado maneno yale.

"Umeogopa kuzama ukaogopa na kumzika. Sogea, Zosima, au nitakukwangua na wewe."

Akasogea. Hakusukumwa. Alisogea kama mtu aliyetuliwa mzigo, akachomoa kisu chake mwenyewe kiunoni, kile cha kukatia bati, akanigeuzia mpini.

"Hicho chako hakina makali," akasema. "Kwangua. Mimi nimechoka."

Nikapiga magoti nikaanza. Rangi ya kijivu ilikuwa nene kama maganda, ukaidi wake wa kila mwaka. Ge ya rangi ya madirisha ikaondoka yote. Nilingoja kuiona Ge ya kiwandani chini yake. Nikaona mguu wa herufi, halafu mguu wa pili. Ge yetu ina mguu mmoja. Nikakwangua kwa kasi, mkono umekufa ganzi, mpaka ikatoka nzima, nyeusi, safi, kama ilivyoondoka kiwandani.

Ilikuwa De.

Yevlampy akafanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma hadi majini. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii niliyoiona ukunguni!" Kisha akamtazama Zosima, koti lake lenye kofia, na mdomo ukabaki wazi. "Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi," Zosima akasema.

"Wee mzee! Miaka saba nimeamini nimeona jini! Niliacha kunywa kwa ajili yako!"

"Hukuacha," Kapitolina akasema, lakini sauti haikuwa yake.

Mimi nilikuwa bado chini, kiganja kimegusa herufi. "Zosima. Niambie."

Akakaa kwenye mchanga, jambo asilolifanya kamwe, na akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia.

"Nilipokuwa hospitali alibadilisha. Aliipaka De rangi ya kijivu akachora Ge. Ile Ge nyingine akaipaka, akachora De. Mbao na lami alizipanga nisijue, na mimi nilikuwa na jicho moja. Nilimwambia mikono yake inaanza kukua. Barafu ya mwaka ule wa kwanza ilibandua rangi yake. Nikaja kuutoa mtumbwi, nikaikuta De inanitazama. Nimepanda mtumbwi wa mwanangu, Glafira. Yeye akazama na wangu. Ule uliopinda niliunyoosha mimi, nikasema utanitosha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba alinisikia mezani, akacheka, halafu akaenda akafa badala yangu? Wewe ulikuwa bado unamwekea sahani."

"Na ule ukungu? Ile sauti?"

"Kila mwaka barafu ikiibandua rangi, kabla sijaupaka upya naupeleka mtoni na uso wake halisi. Alfajiri, watu wasione. Nilisema kama yuko popote pale, ataijua De yake." Akafuta pua kwa mkono. "Nilikuwa namwita. Sikujua ulinisikia, mpaka uliponiambia mto unakudhihaki. Nikashindwa kusema."

Kapitolina alikuwa analia waziwazi, kitambaa cha safari kimemwangukia shingoni. "Basi tuwaachie," akasema. "Kaka, tuwaachie sasa hivi. Wamfuate ndugu yao."

Hapo ndipo wazo liliponijia. De iko hapa mbele yangu. Basi mtumbwi uliopotea na mwanangu chini ya rangi yake ni Ge. Na rangi ya Savati inabanduka.

"Hatuachii kitu," nikasema. "Najua alipo."

Nikawaambia habari ya mwindaji wa bata, ya chai, ya dirisha, jinsi nilivyomwonyesha huyu hapa na kusema Ge yetu ile pale. Zosima alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na nusu yake ya habari ameificha bandani, nami nilikuwa na nusu yangu nimeitupa njiani, na tulikuwa tunalala kitanda kimoja. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tuliondoka maji yalipoanza kujaa, sisi wawili ndani ya De, Yevlampy na Kapitolina wakitufuata kwa Ve. Kijito Kipofu kinaingia kwenye matete na hakitokei popote. Maji yakijaa yanakuingiza, yakipwa yanakuacha. Tulisukuma kwa makasia hadi mwisho. Ulikuwepo. Umelala kifudifudi, nusu matopeni, na matete yameota pande zote. Kwenye omo magamba machache ya kijivu yalikuwa bado yameshika, na juu yake ukingo wa De, mkono wa Savati naujua, haukuwa na uwezo wa kunyoosha mstari. Chini yake Ge ya kiwandani, nyeusi, haijachubuka. Na pale pua ilipogonga jiwe, pale nyundo ya Zosima ilipopita, bati lilikuwa limepasuka mpasuko mrefu.

Yevlampy na Zosima wakauinua. Sitasema yaliyokuwa chini yake. Nitasema tu kwamba sweta langu la kijivu nililijua kwa vifungo, na kwamba alikuwa amejikunja upande, kama alivyolala tangu mdogo.

Zosima alipiga magoti matopeni. Hakumgusa mtoto kwanza. Aliweka kiganja juu ya Ge, akakibakiza hapo.

"Hii ni yangu," akasema. "Mama Savati, hii ilikuwa yangu."

Nilipiga magoti ubavuni kwake nikamkumbatia shingoni. Niliyemwita mwoga.

Tulimrudisha nyumbani ndani ya De. Kapitolina aliahirisha safari hadi tulipomzika, akapika mikate ya samaki ya watu wote, na dukani nasikia aliingia akasimama katikati akawaeleza wanawake wale bahati ya nani ililiwa na nani aliitoa. Wameniletea mayai tangu siku ile. Nayala, lakini siwaaliki chai.

Sahani nimeiondoa mwenyewe. Nimeweka glasi, nikakata mkate mweusi nikaifunika. Zosima aliitazama, akanisogezea kiti.

Mtumbwi wetu haupakwi rangi tena. Unalala ukingoni na De yake, kila mtu auone. Barafu ilipovunjika mwaka uliofuata, ukungu ukashuka, nikamsikia anavaa buti gizani.

"Unakwenda wapi? Ameshaonekana," nikamwambia.

"Najua. Lakini miaka yote ile nilikuwa namwita tu. Sijamwambia kwamba nimejua alichofanya."

Halafu nikatafuta koti langu lenye kofia, nikatoka naye, nikashika kasia la mbele. Jirani yetu Yevlampy anawaambia wageni kwamba siku hizi katika mtumbwi wa De wanaonekana watu wawili.